Dawa za kutanua mishipa na ateri zilizougua: maswali kutoka Dodoma

Swali: Baba yetu, mkazi wa Chamwino, amepewa nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapombana. Ikiwa ateri zake, mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, zimeshaziba kwa mafuta, dawa hiyo itatanua nini?

Jibu: Bado ina kazi kubwa ya kufanya. Ukuta wa ateri una msuli unaobana na kulegea, na upande wake wa ndani umefunikwa na tabaka moja la seli linalotoa oksidi ya nitriki, gesi inayoulegeza msuli huo. Kisukari, shinikizo la damu, tumbaku na lehemu nyingi hulidhoofisha tabaka hilo, mara nyingi miaka mingi kabla ya maumivu kuanza.

Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki wa Marekani walionyesha kuwa asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupitisha ujumbe, hulegeza ateri ya sungura pale tu tabaka hilo linapokuwepo. Mwaka 1986 madaktari wa Boston waliona jambo zito zaidi kwa wagonjwa: kemikali hiyohiyo ilitanua ateri za moyo zilizo nzima, lakini zilizougua zikabana, ilhali nitrogliserini iliendelea kuzitanua, kwa kuwa yenyewe hugeuzwa kuwa oksidi ya nitriki ndani ya msuli, bila kulitegemea tabaka lililoharibika. Vilevile hutanua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, damu inayorudi moyoni ikapungua na moyo ukapata nafuu.

Swali: Mbona safari nyingine maumivu hayatulii?

Jibu: Sehemu iliyokakamaa kwa kalsiamu haitanuki kirahisi, na vijishipa vilivyo baada ya mzibo mkubwa huwa vimekwisha kutanuka hata mgonjwa akiwa amepumzika, hivyo havina akiba ya kutanuka zaidi. Mzee aketi anapoitumia, maana shinikizo hushuka ghafla. Dakika 5 zikipita bila nafuu, apelekwe hospitali mara moja, wala msisubiri kupambazuke. Asiichanganye kamwe na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, kwani shinikizo laweza kuporomoka kiasi cha kuua, na tunawasihi wazee wasione haya kumweleza daktari kama wanatumia sildenafili.

Swali: Tuihifadhi wapi?

Jibu: Vidonge vyake huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Vibaki katika chupa yake ya kioo iliyofungwa vizuri, mbali na jiko, wala visiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.