Faili Linalosomwa Kabla ya Risasi

Katika majeshi ya zamani ya Ulaya, kamanda aliyetaka kumhukumu askari wake katikati ya vita hakuwa na ukumbi wala meza, hivyo ngoma ya kikosi ilisimamishwa na ngozi yake ikageuka kuwa meza ya mahakama. Ngoma zimekwisha, lakini mahakama za kijeshi za uwanjani zingalipo.

Wanafunzi wangu wa sheria ya vita huanza kwa kulaani haraka ya mahakama hizo. Mimi sianzii hapo. Askari aliyepora raia ni heri ashtakiwe karibu na kijiji alichokipora, kwa sababu mashahidi wa vita hufa, hukimbia au huhamishwa, na kesi inayosubiri utulivu mara nyingi hubaki bila shahidi hata mmoja. Ninachouliza ni kipi kilichorukwa ili kuokoa muda.

Chukua mfano wa Butembo, Kivu Kaskazini, jimbo ambalo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Mwanzoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Kanyabayonga, askari 25 wa jeshi la Kongo walihukumiwa kifo kwa makosa yakiwemo kumkimbia adui na wizi, katika kesi iliyomalizika kwa siku moja. Wizi unaweza kuthibitishwa kwa siku moja, kwani mali huonekana na mwenyewe huitambua. Kumkimbia adui ni jambo jingine kabisa. Wakili makini atataka kujua nani alitoa amri ya kurudi nyuma, risasi zilikuwa zimebaki ngapi, redio ilikuwa inafanya kazi au la, na ofisa wa kikosi alikuwa wapi saa ile. Kila swali kati ya hayo linapanda ngazi kuelekea kwa wakubwa, yaani upande uleule unaohitaji kueleza kwa nini mji umepotea. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, shtaka la woga ndilo halifai hata kidogo kusikilizwa mbiombio: ushahidi wa kumtetea mshtakiwa ni ushahidi dhidi ya kamanda.

Nafasi ya kujitetea ndiyo kinga ya kwanza inayoweza kurukwa; ya pili ni muda kati ya hukumu na utekelezaji. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mahakama za uwanjani za Uingereza, ambazo kwa kawaida zilikuwa na maofisa watatu tu, zilitoa hukumu za kifo zaidi ya 3,000, lakini waliouawa ni takriban 346, kwa kuwa kila faili lilipanda kutoka ofisa mmoja hadi mwingine mpaka kwa jemadari mkuu, na wengi walipunguziwa adhabu njiani. Hata hivyo kichujio hicho kilivuja: mwaka 2006 Bunge la Uingereza liliwasamehe 306 kati ya waliouawa. (Msamaha huo, nionavyo, uliwafaa zaidi wajukuu.)

Pale ambapo faili halipandi popote, matokeo huwa mabaya zaidi. Mahakama maalumu ya kijeshi iliyoanzishwa Kongo mwaka 1997 haikuruhusu rufaa, na Januari 2000 askari mtoto wa miaka 14 aliuawa Kinshasa takriban nusu saa baada ya kesi yake. Katiba ya Kongo ya 2006 ilikuja na ibara ya 61, inayosema kwamba haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziondolewi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Kwa miaka mingi pengo kati ya ibara hiyo na mahakama za uwanjani lilifunikwa na desturi ya kutotekeleza hukumu za kifo, iliyodumu tangu 2003. Machi 2024 serikali ilitangaza kuiacha desturi hiyo.

Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949 unaamuru kwamba mfungwa wa vita aliyehukumiwa kifo asiuawe kabla ya miezi 6 kupita tangu taarifa ya hukumu ifikishwe kwa dola isiyo vitani inayosimamia maslahi ya nchi yake. Muda huo amewekewa askari wa adui aliyetekwa katika vita kati ya mataifa. Askari anayehukumiwa na jeshi lake mwenyewe hakuwekewa.