Ndoo Imepita, Nguzo Imevunjika: Dhana Potofu Kuhusu Trekta Yenye Ndoo ya Mbele

Nguzo ya kulia ya lango letu huko Ruai, mashariki mwa Nairobi, ina mchubuko mweusi wa mpira, na jiwe lake moja la pembeni limemeguka. Wageni hudhani iligongwa na ndoo ya mbele ya trekta. Ndoo ilipita salama, kwa sababu mimi niliyekuwa usukanini niliikazia macho tangu barabarani. Kilichomegua jiwe ni gurudumu la nyuma, ambalo sikulitazama hata mara moja. Tangu siku hiyo nimeona kwamba hasara nyingi za trekta hizi hutokea vivyo hivyo: dereva anaitazama ndoo, na uharibifu unafanyika kwingine.

Dhana: Ndoo ikipita langoni, trekta nzima imepita.

Magurudumu ya nyuma ya trekta nyingi huweza kusogezwa nje ili yalingane na mistari ya mimea, na yakishasogezwa huenda yakawa mapana kuliko ndoo yenyewe. Hata pale ambapo ndoo ndiyo pana zaidi, kona hubadilisha hesabu yote. Trekta inapokata kulia, magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele bali hukatiza ndani, karibu na nguzo ya kulia. Wakati huohuo pembe ya kushoto ya ndoo, kwa kuwa imetangulia mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele, hufagia nje kupita gurudumu la mbele, na jembe lililofungwa nyuma huzunguka kuelekea kushoto. Kona moja, basi, ina mahali patatu pa kugonga. Katika vichochoro vyetu vya kando ya Barabara ya Kangundo, ambako ni nadra kuingia kwenye ploti bila kupinda, afadhali kulipita lango kidogo, kurudi nyuma na kuinyoosha trekta kabla ndoo haijafika kati ya nguzo. Taniboi, yaani msaidizi wa dereva, asimame mahali ambapo dereva anamwona, wala asisimame kamwe kati ya trekta na ukuta. Dereva akiacha kumwona, asimamishe trekta hapohapo.

Dhana: Ndoo yenye mzigo ibebwe juu ili dereva aone mbele.

Ni kweli kwamba ndoo iliyo chini huziba sehemu ya njia, na ndiyo maana dhana hii ina wafuasi hata miongoni mwa madereva wazoefu. Hata hivyo, ekseli ya mbele ya trekta nyingi imeshikwa na pini katikati ili iweze kuyumba juu ya mabonde na matuta, jambo ambalo maana yake ni kwamba trekta husimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na pini hiyo moja. Mzigo ukiinuliwa, kitovu cha uzito hupanda, na shimo dogo chini ya gurudumu moja la nyuma hutosha kukitoa nje ya pembetatu. Trekta huanguka ubavu hata kwenye uwanja unaoonekana tambarare. Mzigo ubebwe chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, na uinuliwe tu pale unapomwagwa, trekta ikiwa imenyooka na ikienda polepole. Kuna pia nyaya za umeme zinazopita juu ya ploti na zile za intaneti zilizoning'inia kutoka mlingoti hadi mlingoti, ambazo dereva anayetazama njia hazioni.

Dhana: Trekta ni nzito, haihitaji uzito wa ziada nyuma.

Mzigo ulio mbele ya ekseli ya mbele hufanya kazi kama bembea: kadiri mbele inavyolemewa, ndivyo nyuma inavyonyanyuka. Katika trekta nyingi breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo nyuma ikiwa nyepesi magurudumu huteleza badala ya kusimama, na mwisho wa safari unakuwa ukuta wa jirani. Tofali kubwa la zege lililofungwa kwenye mikono ya nyuma, au maji ndani ya magurudumu ya nyuma, hurudisha uzito mahali pake. Hapo pia zikumbukwe kanyagio mbili za breki, ya kushoto na ya kulia: anayezitenganisha ili apinde kwa ufupi uwanjani na kusahau kuzifunga tena kwa komeo lake atashangaa trekta ikimvuta upande mmoja barabarani.

Dhana: Ukikanyaga mafuta, ndoo inapata nguvu zaidi.

Injini ikizunguka haraka, pampu husukuma mafuta mengi ya haidroliki, na ndoo huinuka kwa kasi. Nguvu ya juu kabisa huamuliwa na vali ya shinikizo, ambayo haijali mngurumo. Kinachoongezeka ni mshtuko, unaopinda mikono ya ndoo, hasa ndoo inapochimba kwa pembe moja.

Dhana: Trekta ilipita hapa jana, leo pia itapita.

Jana ilikuwa tupu. Nusu mita ya ujazo ya mchanga mbichi hukaribia tani 1, na uzito huo wote, pamoja na ule uliohama kutoka nyuma, huangukia magurudumu mawili madogo ya mbele. Udongo mweusi wa Ruai na Kamulu, tofauti na ule mwekundu wa Karen, hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, hivyo njia iliyokuwa ngumu mwezi Februari huwa uji mwezi Aprili. Hatari kubwa zaidi ni mfuniko wa zege wa shimo la maji taka, ambao mara nyingi umefunikwa na nyasi na hukusudiwa kubeba watu, si trekta. Kabla ya kuleta mzigo kwetu, mwenye nyumba huzunguka na dereva kwa miguu: pembe za mfuniko tumezipaka chokaa, na bomba la maji, lililofukiwa kina cha shubiri tu, tumelichomekea vigingi toka mita hadi tangi.