Pac-Man si Moja: Wanayosema Watu na Ukweli Wenyewe

Anayeingia chumbani kwangu akaona kaseti zilivyopangwa rafuni huuliza swali lile lile: kwa nini ununue gemu moja mara kumi na nne? Hapo ndipo ilipo dhana potofu kubwa kuliko zote, kwamba Pac-Man ni Pac-Man, ukicheza moja umezicheza zote.

Kwenye Pac-Man unaongoza kidude cha duara kinachokula nukta kwenye ramani ya vichochoro, huku mizimu minne ikikufukuza. Nianze na mizimu hiyo, maana watu wengi huamini inakimbia ovyo. La hasha. Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco huko Japani, walioitoa gemu hii mwaka 1980 kwenye mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu, waliupa kila mzimu tabia yake. Mwekundu hukufuata pale pale ulipo. Wa waridi hulenga miraba minne ya ramani mbele yako ili akuzibie njia, na kwa Kijapani sifa yake ni *Machibuse*, yaani mviziaji. Wa buluu hupiga hesabu kwa kuangalia ulipo wewe na alipo mwekundu. Wa machungwa hukuandama ukiwa mbali, lakini mkikaribiana chini ya miraba minane, huyo anaelekea kwenye kona yake. Kuna hata kosa dogo la hesabu lililobaki ndani ya mashine: ukielekea juu, wa waridi halengi mbele yako tu, analenga pia miraba minne kushoto. Kwa kuwa kila kitu kina kanuni, ukirudia hatua zile zile bila kukosea, nayo mizimu hurudia zake. Ndiyo maana wachezaji mahiri hukariri njia nzima kama shairi.

Sasa chukua njia hiyo uliyoikariri uende nayo kwenye Ms. Pac-Man. Utakufa mapema sana! Humo mizimu imetiwa bahati nasibu, na ramani ni nne badala ya moja. Wengi hudhani Namco ndio waliobuni gemu hiyo. Ilianzia Marekani, kwa vijana wa kampuni ya General Computer waliotoka chuo cha MIT. Walitengeneza bodi ya kuongezea kwenye mashine ya Pac-Man, wakaiita Crazy Otto, kisha wakaiuza kwa Midway, waliokuwa wasambazaji wa Pac-Man Marekani. Ni mikono mingine kabisa, na unaihisi vidoleni.

Jina nalo lina historia yake. Japani ilianza kama Puck Man, kutokana na *paku paku*, mlio wa mdomo unaofunguka na kufunga. Midway wakabadilisha kwa kuogopa kwamba vijana wangeikwangua herufi ya kwanza hadi jina liwe tusi.

Toleo linalosimangwa kuliko yote ni la Atari 2600, mashine ya gemu ya nyumbani, la mwaka 1982. Husemwa kwamba mtengenezaji wake, Tod Frye, alilipua kazi. Mimi naona anaonewa. Alipewa kaseti ya kilobaiti 4, kwa mashine yenye baiti 128 tu za kumbukumbu. Mizimu inamemeta kwa sababu inachorwa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata Ms. Pac-Man ilitoka kwa mashine hiyo hiyo ikiwa na kilobaiti 8, na ikapendeza kweli. Na hiyo iliyosimangwa iliuzwa kaseti zaidi ya milioni 7.

Kuna wanaoapa kwamba gemu haina mwisho. Kwenye mashine ya asili ina mwisho. Namba ya hatua (level) uliyofikia inahifadhiwa kwenye baiti moja, ambayo haivuki 255. Ukifika hatua ya 256, programu ya kuchora matunda yanayoonyesha hatua chini ya skrini inachanganyikiwa na nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka. Nukta zilizobaki hazitoshi kukuvusha. Alama za juu kabisa zinazowezekana ni 3,333,360.

Toleo ninalolipenda kuliko yote limo kwenye kaseti ya njano ya kuiga zile za Famicom (mashine ya gemu ya nyumbani ya Nintendo), zile zilizoandikwa gemu elfu kadhaa huku ndani yake kuna chache zinazojirudia. Watu huziona takataka, lakini Pac-Man iliyomo humo ni kazi ya Namco ya mwaka 1984. Angalia alama zako: zimeandikwa pembeni kulia, si juu. Mashine ya asili ilikuwa na skrini iliyosimama wima, televisheni ya nyumbani imelala, basi ikabidi ramani ibanwe na maandishi yasogezwe kando.

Jaribu jambo moja kwenye mashine ya asili. Mzimu wa waridi ukikujia uso kwa uso na umeshakukaribia, usikimbie. Mkabili. Shabaha yake, ile miraba minne mbele yako, sasa iko nyuma ya mgongo wake, na kwenye njia panda mara nyingi atakata kona akupishe.