Plagi ya moto si plagi yenye cheche kali

"Fundi, nitilie plagi ya moto, mimi napanda Timboroa kila siku." Maneno haya nayasikia sana kwenye gereji za jua kali hapa Nakuru. Plagi ndiyo inayowasha petroli ndani ya injini, na dereva anaamini ya moto hutoa cheche kali. La. Nguvu ya cheche hutoka kwa koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri. Umoto wa plagi ni jinsi ncha yake inavyopoa: ya moto hulikalia joto, ya baridi hulipitisha upesi kwenye silinda hedi. Ncha ikibaki chini ya nyuzi 450 hivi, masizi hayaungui na gari linaanza kumisi, yaani kukosa kuwaka sawasawa. Ikipita sana 800, petroli inaweza kuwaka kabla ya cheche, na pistoni ikatoboka. Sasa gari kama Toyota Probox iliyojaa magunia, inapanda mlima kwa gia ya pili, unaiongezea plagi ya moto ya nini?

Namba za umoto zilizoandikwa kwenye plagi nazo zinapotosha. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Muuzaji akikuambia "sita ni sita tu", usimpe pesa. Fungua kitabu cha gari.

Wengine husema plagi yenye ncha ya madini ya iridiamu huongeza nguvu. Injini isiyo na hitilafu haitaongezeka nguvu ya maana. Unacholipia ni maisha marefu. Plagi ya nikeli huenda kilomita 30,000 hivi, ya iridiamu hukaribia 100,000. Ndiyo maana huniuma kuona mtu akiisugua iridiamu kwa msasa. Ncha yake ni kama sindano, mara nyingi milimita 0.4 hadi 0.7, na ikishavunjika umetupa pesa zako.

Na plagi yenye miguu minne, yaani vyuma vinne kuizunguka ncha, je, hutoa cheche nne? Cheche bado ni moja kwa wakati mmoja.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni "ikiingia, imefaa". Plagi mbili zaweza kuwa na hesi ya milimita 14 zote, lakini moja ina urefu wa milimita 19 na nyingine 26.5. Hiyo ndefu, kwenye hedi isiyo yake, inaweza kugongwa na pistoni. Ilaze ya zamani na mpya kiganjani, kandokando, uangalie kabla ya kufunga.

Na ukizitoa zikiwa nyeusi, zimelowa oili, usikimbilie dukani. Oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za vali, na hata ukiweka plagi mpya zitalowa vilevile.