Alama ya uendelevu kwenye mfuko wa uwekezaji inapima nini hasa?

Mtu akiniuliza kama mfuko fulani wa uwekezaji wa pamoja "ni wa kijani", namwomba kwanza anionyeshe alama aliyoiona. Mara nyingi ni yale matufe ya dunia ya Morningstar, kampuni ya Marekani, yaliyoanza kutolewa Machi 2016: moja ni daraja la chini, matano la juu.

Matufe hayo hayasemi lolote kuhusu faida wala ada. Yanaangalia kampuni ambazo mfuko umenunua hisa zake zinavyoshughulikia mazingira, jamii na utawala bora. Tena mfuko hulinganishwa na wenzake wa kundi moja tu. Kwa kanuni ya mwanzo, katika kila mifuko 100 ya kundi, 10 ya juu ilipewa matufe matano, hata kama kundi lenyewe ni la hisa za mafuta na gesi. Ni kama kuongoza darasa ambalo wote wamefeli.

Jambo la pili huwapita wengi. Tangu mwishoni mwa 2019, alama hiyo inapima hatari inayoikabili kampuni: masuala ya mazingira, jamii na utawala yanaweza kuitia hasara kiasi gani? Haipimi moja kwa moja madhara ambayo kampuni inawaletea wengine. Kiwanda kinaweza kuchafua mto, na kama hakuna anayekishtaki, mwenye hisa asione hasara yoyote. Anayekunywa maji ya mto huo anaiona.

Maneno ya meneja wa mfuko nayo yapimwe. Septemba 2023, tawi la Marekani la DWS, kampuni ya kusimamia uwekezaji ya kundi la Deutsche Bank, lilikubali kulipa faini ya dola milioni 19 kwa maelezo ya kupotosha kuhusu namna lilivyozingatia vigezo hivi vya mazingira, jamii na utawala.

Kwa hiyo, kabla ya kununua vipande, yaani sehemu zako za mfuko, fungua taarifa ya mfuko utafute orodha ya mali zake kubwa. Hapa Tanzania mara nyingi utakuta hatifungani za Serikali (mikopo ambayo Serikali inachukua kwa wawekezaji) na amana za benki. Ukikuta hatifungani ya kijani, yaani ya kugharimia miradi ya mazingira, soma fedha zinakwenda wapi. Ile ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024, ya shilingi bilioni 53.12, ilitaja kazi yake waziwazi: miundombinu ya maji. Hiyo unaweza kwenda Tanga ukaikagua kwa macho yako.