Funga Nzi Wako wa Kuvulia: Anza na Waya wa Shaba

Kila ninapofungua kisanduku changu pale bwawa la Hombolo, kuna anayeuliza, "Hawa nzi umewanunua wapi, kaka?" Sijawanunua. Nimewafunga mezani kwangu hapa Dodoma, kwa manyoya ya kuku na waya uliotoka kwenye mota iliyoungua. Wengi wameniomba niwaelekeze pa kuanzia, basi leo nawaandikia.

Nzi wa kuvulia ni ndoana iliyovishwa manyoya, sufu au waya ili samaki aione kama mdudu au kisamaki. Hana harufu ya nyama. Kinachomvuta samaki ni umbo lake na mwendo wake majini. Ufundi huu ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi, Aelian, aliyeishi takriban miaka 1,800 iliyopita, aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuongeza manyoya mawili ya jogoo.

Mimi nilianza kwa kununua, na nilipoteza muda. Niliagiza boksi la vifaa vya bei ya chini. Jiliwa lake, yaani kibanio cha kushikilia ndoana, lilikuwa na taya laini, ndoana ikateleza kila nilipokaza uzi. Nikaamini mikono yangu haifai, nikaacha kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana nasema: fedha yako ya kwanza iende kwenye jiliwa dogo linalobana kweli. Kama hulipati, koleo ya kujifunga iliyokazwa kwenye ukingo wa meza inafanya kazi. Vingine ni mkasi mdogo wenye ncha kali na chupa ya rangi ya kucha isiyo na rangi. Basi.

Nzi wa kwanza ninayemfundisha kila mtu alibuniwa na Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto Avon kule Wiltshire, Uingereza. Sawyer aliacha uzi kabisa, akafunga kwa waya mwembamba wa shaba na nyuzinyuzi za mkia wa fezanti, ndege wa ukoo mmoja na kwale. Kwa anayeanza hii ni nafuu kubwa: waya ukishaukaza unatulia ulipo, na uzito wake unamzamisha nzi. Mafundi wanaosuka mota wanao mwingi. Nenda kwa heshima, "Shikamoo mzee, naomba kipande cha waya mwembamba kabisa," na mara nyingi hutatoa hata senti. Uwe mwembamba kama unywele. Ukiwa mnene, nzi anatoka kama msumari.

Chukua ndoana namba 12, na ukumbuke namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Ibane shina lake likilala sawa. Anza kuzungusha waya nyuma kidogo ya jicho, yaani tundu la kupitishia mshipi, urudi nyuma hadi shina linapoanza kupinda, kila mzunguko ukigusa mwenzake. Rudi mbele, jenga kinundu kidogo mahali pa kifua, kisha shuka tena nyuma. Sasa, badala ya fezanti, weka nyuzinyuzi nne za unyoya wa kahawia wa mkia wa kuku, ncha zake zitokeze milimita tatu au nne ziwe mkia. Zisokote pamoja na waya, uzungushe kamba hiyo hadi mbele. Zikunje juu ya kifua kwenda na kurudi, ukibana kwa waya kila mara, umalize kwa mafundo mawili matatu na tone la rangi ya kucha.

Hapo kwenye jicho ndipo karibu kila mtu anakosea. Mwili unasogea mbele kidogo kidogo, na ukifika mwisho huna nafasi ya fundo. Manyoya yanaziba tundu na mshipi haupiti. Acha milimita mbili tupu tangu mzunguko wa kwanza, na uzilinde. Funga nzi huyohuyo mara kumi na mbili kabla hujagusa mwingine, kisha wapange kwa mstari. Wa kwanza na wa mwisho hawatafanana.

Kwa nini huyu anafaa maji yetu? Kwenye tope la mabwawa wapo vibuu vyekundu vya visubi wasiouma. Wekundu wao unatokana na himoglobini, ya jamii moja na ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Shaba inayochungulia katikati ya kahawia inaigiza wekundu ule.

Manyoya nachukua kwa wachinjaji wa kuku soko la Majengo. Kuku wa kisasa wa nyama hatufai: anachinjwa akiwa na wiki chache tu, shingo haijaota manyoya marefu. Omba shingo ya jogoo wa kienyeji aliyekomaa, kabla hajatumbukizwa kwenye maji ya moto. Osha kwa sabuni, anika kivulini, hifadhi na naftalini. Wadudu wakiingia watakuachia mifupa ya manyoya. Manyoya ya kanga wa kufugwa, yale ya madoa, ni hazina.

Ukishazoea, jaribu nzi mweusi wa kambale kwenye ndoana namba 6: mkia wa manyoya laini ya bata mzinga, mwili wa sufu, unyoya wa shingo ya jogoo ukizungushwa kutoka nyuma hadi mbele. Huyu ni wa jioni, chini kabisa.

Yule wa shaba mpeleke Hombolo asubuhi kabla ya upepo, ukiwa na kibali chako cha uvuvi. Kama huna mshipi mzito wa kurushia nzi, mfunge chini ya boya dogo. Mtupe karibu na matete, hesabu hadi kumi, uvute inchi moja moja kwa vidole. Perege hadaki, anagusa tu. Boya likisita, hata kama halijazama, inua fimbo.