Madaftari ya Jaji Ricker na swali la mpangilio

Kila ninapofundisha namna ya kupokea na kupanga nyaraka za mtu binafsi, huanza na mfano wa Eli Ricker, ambaye karatasi zake zimehifadhiwa mjini Lincoln na jumuiya ya historia ya jimbo la Nebraska. Alizaliwa mwaka 1843, akapigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, akahamia Chadron, kaskazini-magharibi mwa Nebraska, katika miaka ya 1880 walowezi walipokuwa wakimiminika huko, akawa jaji wa kaunti, na baadaye akahariri gazeti la Chadron Times. Alikusudia kuandika kitabu kikubwa kuhusu mapambano ya mwisho kati ya Wazungu na wenyeji wa asili wa nyanda zile, lakini alifariki mwaka 1926 bila kukimaliza. Nathubutu kusema kwamba hiyo ni bahati yetu, kwa sababu mwandishi akishakamilisha kitabu mara nyingi hutupa maandishi aliyoyatumia kukitunga.

Alichoacha ni madaftari ya bei rahisi yaliyojaa maandishi ya penseli, matokeo ya mahojiano aliyoyafanya kati ya mwaka 1903 na 1919. Karatasi za aina hiyo, zilizotengenezwa kwa rojo la mbao iliyosagwa, hubeba tindikali ndani yake, hugeuka manjano, na kona zake hukatika mtu anapofunua ukurasa. Penseli, kwa upande wake, haipauki kwa mwanga wala haichujuki kwa maji kama wino mwingi wa zama zile. Kwa hiyo adui wa mkusanyiko huu ni karatasi yenyewe, na maikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa zilizopigwa kwenye filamu, ilimwezesha mtafiti kusoma bila kuyagusagusa madaftari.

Ricker alivuka mpaka wa jimbo mara nyingi kwenda Pine Ridge, eneo lililotengwa kwa ajili ya Walakota, watu wa asili wa nyanda zile, lililoko Dakota Kusini. Jambo aliloliulizia kwa bidii kubwa lilikuwa mauaji ya Wounded Knee ya tarehe 29 Desemba 1890, ambapo kikosi cha 7 cha wapandafarasi wa jeshi la Marekani kiliwafyatulia risasi watu wa chifu Big Foot walipokuwa wakinyang'anywa silaha. Askari 25 walikufa. Miili 146 ya Walakota ilizikwa katika kaburi moja, na waliouawa kwa jumla walizidi idadi hiyo. Magazeti mengi ya wakati ule yaliliita tukio hilo vita. Mhariri huyu wa mji mdogo wa walowezi alikwenda kuwasikiliza manusura, miongoni mwao Joseph Horn Cloud na kaka yake Dewey Beard, waliopoteza wazazi wao siku hiyo. Beard alimpoteza pia mke wake na mtoto mchanga. Pamoja na masimulizi yake, Horn Cloud alimpa Ricker orodha ya majina ya waliouawa. Ripoti ya jeshi huhesabu maiti, ilhali orodha ya ndugu wa marehemu hukwambia nani alikuwa mtoto wa nani.

Tusimfanye Ricker malaika. Maneno ya wazee wengi yalimfikia kupitia wakalimani, na sisi tunaoishi kati ya lugha mbili au tatu tunajua jinsi neno linavyoweza kupinda njiani. Ushahidi umo humohumo ndani ya madaftari. William Garnett, mkalimani aliyezungumza naye kwa kirefu, alihusika mwaka 1877 na kikao ambacho Frank Grouard, mkalimani wa jeshi, alitafsiri maneno ya Crazy Horse, chifu wa Walakota. Inaelezwa kwamba chifu alisema atapigana kaskazini mpaka Wanez Perce, kabila jingine la wenyeji wa asili lililokuwa likipigana na jeshi, waishe, na Grouard akayageuza yakawa tishio dhidi ya Wazungu. Siku chache baadaye, tarehe 5 Septemba, Crazy Horse alichomwa singe katika ngome ya Fort Robinson, akafa. Kwa hiyo ninaposoma ukurasa wa Ricker, nataka kwanza kujua mkalimani alikuwa nani.

Hapo ndipo mpangilio unapokuwa na uzito. Mwaka 2005 mahojiano haya yalichapishwa katika juzuu mbili zilizohaririwa na Richard Jensen, moja ya wenyeji wa asili na nyingine ya walowezi na askari. Ni kazi safi, nami huitumia sana. Hata hivyo, mgawanyo huo ni wa mhariri. Garnett mwenyewe mama yake alikuwa Mlakota na baba yake, Richard Garnett, ni yule jenerali wa Kusini aliyeuawa katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mtu kama huyo utamweka upande gani bila kumkata vipande viwili? Daftari halikuuliza swali hilo. Lilifuata njia ya Ricker, nyumba kwa nyumba, na mazungumzo ya jana yalichochea maswali ya leo.

Ndiyo maana mtafiti akiniuliza aanzie wapi, humwambia asome kwanza juzuu zilizochapishwa, aandike pembeni namba ya daftari la kila mahojiano anayoyahitaji, kisha alifungue daftari hilo kwenye maikrofilamu na kusoma pia kurasa zilizotangulia na zinazofuata, hata kama zinamhusu mtu ambaye hakuwa akimtafuta.